Usihesabu kilomita za safari, hesabu saa za kuketi

Majuzi mama mmoja aliyetimu miaka 60 na ushei alikuja kuniona akiwa amejaa furaha. Bintiye anayeishi New York alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na tikiti ya kwenda kumwona mjukuu ilikuwa tayari mkobani. Alitaka nimwandikie dawa zake za shinikizo la damu za miezi mitatu.

"Na daktari," akaniuliza alipokuwa akiinuka, "kwani kutoka hapa Nairobi hadi huko ni mbali kiasi gani? Kijana wangu ananiambia nitapanda ndege usiku, nilale, na nikiamka nimefika."

Mama huyo ana mwili mkubwa, na wiki tano kabla ya siku hiyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa goti. Nilimwomba aketi tena. Aliuliza habari ya kilomita, lakini jibu nililopaswa kumpa lilihusu miguu yake.

Nakiri kwamba zamani nisingemketisha. Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja kutoka Kitale alipitia kwangu kuniaga akienda kumtembelea mwanawe Marekani. Nilimpima presha, nikamwandikia dawa, nikamtakia safari njema. Sikumwuliza ataketi kwa saa ngapi. Aliporudi alibadilisha ndege mara moja njiani, akatua Nairobi alfajiri, na kwa kuwa alikuwa na haraka ya kufika nyumbani, akaingia moja kwa moja katika gari la Kitale. Siku tatu baadaye mguu wake wa kushoto ulivimba. Watu wa nyumbani walisema ni uchovu wa safari, wakawa wanamchua kila jioni kwa mafuta ya moto. Siku ya sita alishikwa na kichomi kifuani na akashindwa kupumua. Alikimbizwa hospitalini na, kwa bahati njema, akapona. Lakini ilikuwa bahati, na katika kazi yetu bahati si dawa.

Vipimo vitatu vya safari moja

Mtu anapouliza mji fulani uko mbali kiasi gani, aghalabu hutajiwa kilomita. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa njia ya angani ni kilomita zipatazo 420. Hadi Johannesburg ni kama 2,900. Hadi London ni kama 6,800, na hadi New York ni karibu 11,800.

Kipimo cha pili ni saa za kuwa angani. Mombasa ni safari ya saa moja hivi. Johannesburg ni saa nne. London ni saa nane na nusu hadi tisa. Mnamo Oktoba 28, 2018, ndege ya kwanza ya abiria ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York ilipaa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta. Safari hiyo ilipangiwa saa 15 kwenda na saa 14 kurudi.

Huenda ukashangaa, msomaji, kwa nini njia ni ile ile ilhali kurudi ni kufupi. Sababu ni upepo. Juu sana, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo wenye nguvu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayoelekea Marekani hukabiliana nao, na ile inayorudi husukumwa nao mgongoni.

Kipimo cha tatu ni tofauti ya saa baina ya miji miwili. Johannesburg iko nyuma yetu kwa saa moja tu. London iko nyuma kwa saa mbili wakati wao wa kiangazi, na saa tatu wakati wa baridi. New York iko nyuma kwa saa saba wakati wa kiangazi, na saa nane wakati wa baridi.

Mwili wako haujui kilomita. Rubani ndiye anayezihitaji, pamoja na anayenunua mafuta ya ndege. Mwili unajua mambo mawili: umekaa bila kusogea kwa saa ngapi, na jua limechomoza wakati ambao haukulitarajia. Hayo mawili ndiyo ninayotaka tuyatazame leo.

Miguu ni pampu

Moyo husukuma damu hadi kwenye vidole vya miguu bila taabu. Kazi ngumu ni kuirudisha juu. Damu inayorudi hupita katika mishipa iitwayo vena, ambayo haina msukumo mkubwa. Kinachoisaidia ni misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, misuli hiyo hujikaza na kuzikamua vena zilizo ndani, na damu hupanda kuelekea moyoni. Ndani ya vena kuna vali ndogo, mfano wa milango inayofunguka upande mmoja tu, zinazozuia damu isirudi chini.

Ukiketi, pampu hiyo husimama. Magoti yamekunjwa, ukingo wa kiti unabana nyuma ya paja, na damu inakwenda polepole kama maji ya mtaro uliozibwa na majani. Damu isiyotembea huelekea kuganda. Yamkini bonge dogo likajitokeza katika vena za ndani za mguu. Mara nyingi mwili huliyeyusha wenyewe bila wewe kujua. Lakini likikua, huziba mshipa na mguu ukavimba. Na likikatika, kipande husafiri na damu, hupita katika moyo, kisha hukwama katika mishipa ya mapafu. Hapo mtu anaweza kufariki kwa dakika chache.

Jambo hili halikuanza na ndege kubwa za siku hizi. Mwaka wa 1940, mabomu yalipokuwa yakiangushwa mjini London, watu wengi walilala usiku kucha katika mahandaki wakiwa wameketi kwenye viti vya turubai. Daktari mmoja wa kuchunguza maiti, Keith Simpson, aligundua kwamba baadhi ya watu waliokuwa wakifariki ghafla hawakuguswa na bomu lolote. Walikuwa wameuawa na mabonge ya damu yaliyotoka miguuni hadi mapafuni. Kosa lao lilikuwa kuketi muda mrefu bila kunyoosha miguu.

Kwa hivyo, msomaji, usidhani maradhi haya ni ya wenye pesa za tikiti. Utafiti ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na kutangazwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda huongezeka karibu mara mbili kwa mtu anayesafiri akiwa ameketi kwa saa nne au zaidi, iwe ni kwa ndege, gari moshi, basi au gari dogo. Basi la kutoka Nairobi hadi Kampala ni safari ya saa zipatazo 12. Goti lako halijui kama mbele yake ni kiti cha ndege au ni gunia la viazi.

Usishikwe na hofu pia. Utafiti huo huo ulikadiria kwamba hatari hiyo ni ya mtu mmoja hivi kati ya 6,000 wanaoketi bila kusogea kwa zaidi ya saa nne. Watu wengi husafiri na kurudi salama. Lakini hatari haigawanywi sawasawa, na ndiyo maana ni lazima ujue uko upande gani.

Ni nani ajihadhari zaidi?

Jihadhari ikiwa umewahi kupatwa na bonge la damu, au ikiwa mzazi au ndugu wa tumbo moja amewahi kupatwa nalo. Jihadhari ikiwa umefanyiwa upasuaji mkubwa hivi karibuni, hasa wa nyonga, goti au tumbo, au mguu wako umefungwa plasta. Kadhalika kina mama wajawazito na waliojifungua katika wiki sita zilizopita, wanawake wanaotumia tembe za kupanga uzazi zenye homoni ya estrojeni, wagonjwa wa saratani, watu wanene sana na watu wenye umri mkubwa. Ukiwa na mambo mawili au matatu kati ya haya kwa pamoja, usinunue tikiti kabla ya kumwona daktari.

Safari ndefu ina hesabu nyingine ambayo wengi huisahau. Saa za kuketi hujumlishwa. Mzee wangu wa Kitale hakuketi saa 14. Aliketi katika ndege ya kwanza, akaketi uwanjani akisubiri, akaketi katika ndege ya pili, kisha akaketi saa saba nyingine barabarani. Anayepitia London akielekea New York husafiri umbali mrefu zaidi na huchukua muda mrefu zaidi, lakini akiutumia muda wa kusubiri ndege ya pili kutembea huku na huku, miguu yake huenda ikamshukuru kuliko ya yule aliyekwenda moja kwa moja bila kuinuka hata mara moja.

Yafanye haya

Kwanza, ukiweza, omba kiti kilicho kando ya ujia ili usione haya kuwasumbua wenzako unapotaka kuinuka. Usiweke mzigo chini ya kiti cha mbele yako, kwani hapo ndipo pa kunyooshea miguu.

Pili, inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili ikiwa hujalala na taa ya kufunga mikanda imezimwa. Ukiwa umeketi, inua visigino huku vidole vikigusa sakafu, kisha inua vidole visigino vikiwa chini. Rudia mara 20 kila nusu saa. Ni zoezi dogo, lakini ndilo linaloifanya ile pampu ya shavu la mguu ifanye kazi.

Tatu, vaa nguo zisizobana kiunoni na nyuma ya magoti, na usikunje mguu mmoja juu ya mwingine kwa muda mrefu.

Nne, kunywa maji kiasi. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, nayo hukausha midomo, macho na koo. Jihadhari na pombe na dawa za usingizi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hukulaza fofofo, shingo imepinda na miguu imekunjwa, kwa saa sita au saba bila kujigeuza.

Tano, walio katika hatari zaidi wanaweza kuvaa soksi maalumu za kubana zinazofika chini ya goti. Zimethibitishwa kupunguza mabonge ya damu kwa wasafiri wa ndege. Lakini ni lazima zipimwe na mtu anayezijua. Soksi isiyokutosha sawasawa huweza kuzuia damu badala ya kuisaidia, na mwenye mishipa ya miguu iliyoharibiwa na kisukari asizivae bila ushauri.

Sita, usimeze aspirini kwa kuambiwa na jirani kwamba "inalainisha damu". Haipendekezwi kwa ajili ya safari peke yake, na inaweza kukuletea vidonda na kutokwa na damu tumboni. Walio katika hatari kubwa hupewa na daktari dawa nyingine za kuzuia damu isigande.

Ukifika, usibweteke

Bonge la damu linaweza kujionyesha siku kadhaa, hata wiki kadhaa, baada ya safari. Wakati huo wengi huwa wamekwisha kusahau kwamba walipanda ndege. Zingatia dalili hizi: mguu mmoja kuvimba kuliko mwingine, maumivu katika shavu la mguu au pajani yanayozidi ukisimama au kutembea, na ngozi kuwa ya moto mahali hapo. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Tumia mkono wako, ulinganishe joto la mguu mmoja na la mwingine.

Miguu yote miwili ikivimba kidogo kwenye vifundo na ikapungua baada ya kulala, huo ndio uchovu wa safari. Mguu mmoja ukivimba na usipungue, huo si uchovu. Usiukande wala usiuchue. Kuuchua kunaweza kulikata bonge na kulipeleka mapafuni. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, na sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe: "Nimetoka safarini." Utapimwa kwa mashine ya ultrasaundi, na ikionekana kuna bonge utaanzishiwa dawa za kuzuia damu isizidi kuganda. Kwa kawaida dawa hizo hutumiwa kwa miezi mitatu au zaidi.

Ukishindwa kupumua ghafla, ukachomwa kifuani unapovuta pumzi, ukakohoa damu au ukazirai, hiyo ni dharura. Usingoje asubuhi.

Hewa ya angani na kimo cha Nairobi

Kuna jambo moja linalowatisha wengi bila sababu kubwa. Ndege huruka juu sana, lakini hewa ya ndani hushindiliwa ili abiria aweze kupumua. Hata hivyo haifikishwi kiwango cha pwani. Huwa kama hewa ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800. Kwa hivyo mkazi wa Nairobi aliye ndani ya ndege anapumua hewa inayokaribiana na ya nyumbani kwake, au kama ya mtu aliyepanda kwenda Limuru. Mkazi wa Mombasa au Lamu ndiye atakayehisi tofauti zaidi.

Mwenye afya njema hatadhurika. Lakini anayehema hata akitembea hatua chache kwa sababu ya ugonjwa wa moyo au mapafu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na mgonjwa wa selimundu, wapimwe kabla ya kuondoka. Wengine huhitaji kuandaliwa oksijeni, na mpango huo hufanywa na shirika la ndege siku kadhaa mapema, si mlangoni pa ndege.

Saa ya mkononi na saa ya mwili

Sasa tutazame kipimo cha tatu. Tuseme umeondoka Nairobi saa tano na nusu usiku mwezi wa Januari, ukasafiri saa 15 hadi New York. Saa yako ya mkononi itaonyesha saa nane na nusu mchana. Lakini nje ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu ndio kwanza wanaamka. Mwili wako umekwisha kumaliza nusu ya siku, na sasa unaambiwa uianze upya.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotuongoza wakati wa kulala, kuamka, kula na hata kwenda haja. Sehemu hiyo hurekebishwa hasa na mwanga wa jua, na haiwezi kuruka saa nane kwa mara moja. Husogea saa moja hivi kwa siku. Ndiyo maana mgeni huamka usiku wa manane akiwa na njaa, na kusinzia mezani watu wakizungumza. Kwenda magharibi huwa rahisi kidogo kuliko kurudi mashariki, kwani ni rahisi kwa mwili kuchelewa kulala kuliko kulala mapema. Usishangae basi ukirudi Kenya ukachukua wiki nzima kabla ya kuzoea. Toka nje upate mwanga wa mchana, kula kwa saa za mahali ulipo, na ukilazimika kulala mchana isizidi nusu saa.

Kwa mwenye afya, hayo ni usumbufu tu. Kwa anayetumia dawa ni jambo zito. Anayemeza tembe yake kila siku saa mbili usiku hapa Kenya, akiwa New York mwezi wa Januari muda huo ni saa sita mchana. Anayejidunga insulini akielekea magharibi siku yake hurefuka, na huenda akahitaji kipimo cha ziada. Akirudi mashariki siku hufupika, na akijidunga kama kawaida sukari inaweza kushuka mno. Mtu wa kisukari, wa kifafa, au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV, aandikiwe ratiba na daktari wake kabla ya kuondoka. Na dawa zote ziwekwe katika mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Usiziweke katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kwani insulini ikiganda huharibika, na sanduku likipotea umepotea nalo.

Mama yule aliyeniuliza kuhusu New York hakufurahia jibu langu. Nilizungumza na daktari aliyempasua, tukakubaliana kwamba asafiri baada ya miezi mitatu tangu upasuaji, akiwa amezoea kutembea bila mkongojo, na akiwa na soksi zilizopimwa. Alinung'unika kwamba mjukuu atakuwa amekua. Nikamwambia kwamba kufikia wakati huo mtoto atakuwa ameanza kucheka, na yeye atakuwa na goti la kumpakatia.

Nawe msomaji, mtu wako akikuambia amekata tikiti, usimwulize tu anakwenda wapi. Mwulize ataketi kwa saa ngapi, na akishuka atapanda nini tena.